Msitu Una Wenyewe: Waaweer, Ngazi ya Maendeleo na Jinsi Utamaduni Unavyobadilika

Mhadhara wa hadhara uliotolewa mjini Garissa



Mwenyekiti wa kikao, masheikh na wazee wetu, walimu wenzangu, akina mama mliotoka Ijara na Masalani alfajiri ili muwahi, wanafunzi, mabibi na mabwana. Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kuwaona wazee wa Kiaweer wa Hulugho na Bodhai wamekaa safu ya mbele. Leo nitawazungumzia wao mbele yao. Anayezungumziwa ana haki ya kusikia kinachosemwa. Nikikosea, wazee wangu, nikatizeni. Sitaona vibaya hata kidogo.

Nieleze kwanza kusudi langu. Anthropolojia, elimu inayomchunguza binadamu katika jamii yake, imehangaika kwa karibu miaka 150 na swali moja: utamaduni hubadilikaje? Imetunga vielelezo vingi vya kulijibu. Kimojawapo, kikongwe kuliko vyote, kimeingia katika vitabu vya shule, katika hotuba za maafisa na katika maongezi yetu ya barazani. Kinasema hivi: binadamu huanza kwa kuwinda na kuokota matunda, akiendelea anakuwa mfugaji, akiendelea tena anakuwa mkulima, mwisho anafika mjini. Nimekuja kuonyesha kwamba ngazi hiyo haijapata kusimama hapa petu, kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia. Na kwa kuwa tuliiamini, majirani zetu Waaweer, wawindaji wa msitu wa Boni, wamepokonywa msitu huo huku sisi tukitazama na kudhani ndivyo mambo yanavyopaswa kwenda.

Neno moja kuhusu jina. Wengi humu mnawajua kwa jina la Waboni. Jina hilo hawakujipa wenyewe. Linahusishwa na neno la Kisomali boon, linalotumika kumshusha mtu wa tabaka la wawindaji na watu wasio na mifugo. Wenyewe hujiita Aweer. Wako upande wetu wa Garissa, katika Ijara na Hulugho, na wako upande wa Lamu, katika Basuba, Milimani, Mangai, Mararani, Kiangwe na Bargoni. Mpaka wa kaunti umewakata katikati. Msitu wenyewe ni mmoja.

Hoja ya kwanza: ngazi hii ina walioitengeneza, na sisi tumo.

Mwaka 1877 mwanasheria mmoja wa jimbo la New York, Lewis Henry Morgan, alichapisha kitabu alichokiita Ancient Society. Aliigawa historia ya wanadamu wote katika hatua tatu: ushenzi, ubarbari na ustaarabu. Hatua mbili za kwanza akazigawa tena kuwa ya chini, ya kati na ya juu. Kila kidato kilikuwa na alama yake. Jamii yenye upinde na mshale iliwekwa kwenye ushenzi wa juu. Iliyojua kufinyanga vyungu ilikuwa imeingia ubarbari. Iliyokuwa na alfabeti ilihesabiwa miongoni mwa wastaarabu. Morgan hakuwa mtu mwovu. Aliwatetea Wahindi Wekundu wa jirani zake na alijifunza mengi kwao. Lakini kipimo chake kilikuwa na kosa moja kubwa: kilimchukua mtu anayeishi leo na kumwita mabaki ya jana.

Ni rahisi kumlaumu Mmarekani aliyekufa zamani. Tuangalie basi maneno yetu wenyewe. Kiswahili tunachozungumza kina neno ustaarabu, ambalo ndani yake mna Mwarabu, na kina neno mshenzi, ambalo watu wa mwambao waliwaitia watu wa bara. Kimaasai kina il-torrobo, maskini asiye na ng'ombe, na hapo ndipo lilipotoka jina Wandorobo walilobandikwa wawindaji wa nyanda za juu. Kisomali kina boon. Hakuna aliyetuletea maneno hayo kutoka New York. Mwenye ng'ombe alimdharau mwenye upinde kabla Mzungu hajatia mguu hapa, na mkoloni alipofika na ngazi yake alikuta mahali pa kuiegemeza.

Nasisitiza hili kwa sababu dharau hufanya kazi. Mtu akishawekwa kidato cha chini, kumhamisha kwake kunaitwa kumsaidia, na kumnyima chakula chake kunaitwa kumfundisha. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mzee mmoja wa Kiaweer kwenye ofisi ya umma ambayo sitaitaja. Karani alikuwa na fomu yenye sehemu ya kazi: mfugaji, mkulima, mfanyabiashara, mwajiriwa, mengineyo. Mzee akasema, mimi narina asali na naokota vya msituni. Karani hakuinua macho. Akatia alama kwenye mengineyo. Mzee yule alikuwa anaijua miti ya msitu wa Boni kwa majina, mmoja mmoja, na matumizi ya kila mmoja. Katika karatasi ya nchi yake hakuwa na kazi.

Hoja ya pili: hata wale waliowasifu wawindaji waliwakosea.

Mnamo 1966 wanaanthropolojia walikutana Chicago kuzungumzia jamii zinazoishi kwa kuwinda na kuokota. Richard Lee alileta hesabu kutoka Dobe, Botswana, alikokuwa amekaa na Wajuhoansi mwaka 1964. Alihesabu siku kwa siku nani alitoka na nani alirudi na nini. Jibu lake liliwashtua wengi: mtu mzima alitumia kama siku mbili na nusu kwa wiki kutafuta chakula, na chakula kilitosha. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya chakula hicho iliokotwa na wanawake; nyama ya wanaume ilikuwa ziada tamu. Marshall Sahlins akasimama akasema hawa si maskini, bali ndio watu wa kwanza duniani kuishi katika neema, kwa kuwa wanataka machache na wanayapata.

Akina mama, naona mnatabasamu. Mnajua hesabu ile ilipungukiwa na nini. Kuchanja kuni, kuteka maji, kupasua kokwa, kupika: hayo hayakuhesabiwa kuwa kazi ya kutafuta chakula. Lee mwenyewe alipoyajumlisha baadaye, saa ziliongezeka sana. Hata hivyo jambo kuu lilibaki palepale. Njaa haikuwa hali ya kila siku ya mwindaji, na ile picha ya mtu anayehangaika mchana kutwa bila kupumzika ilikuwa imechorwa na watu wasiowahi kuingia msituni.

James Woodburn, aliyeishi na Wahadza wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, aliongeza jambo la maana mwaka 1982. Alisema wapo wanaokula leo walichokipata leo, kama Wahadza, na wapo wanaoweka kazi yao ili wavune baadaye, kama mtu anayechonga mzinga, akautundika, akasubiri nyuki waingie. Wale wa kwanza hugawana kila kitu na hawana mkubwa wa kuwaamrisha. Wale wa pili huanza kuwa na mali, urithi na deni. Tofauti hiyo ni kubwa, na ngazi ya Morgan haikuiona, kwa sababu wote wawili waliishika mishale.

Lakini sifa nazo zilikuwa na mtego wake. Mwindaji aliyechorwa Chicago alikuwa peke yake jangwani, hana jirani, hana mteja, hana historia. Mwanaanthropolojia Edwin Wilmsen alipinga jambo hilo mwaka 1989 kwa kuonyesha kwamba watu wa Kalahari walikuwa wamefanya biashara na wafugaji kwa mamia ya miaka. Mabishano yale yaliwachukua wataalamu muda mrefu. Laiti wangekuja Lamu au Garissa kuuliza, wangeokoa muda.

Hoja ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu: utamaduni hubadilika kwa ujirani, na njia yake ina watu wanaokwenda na wanaorudi.

Anzeni na urefu wa wakati. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, watafiti walifukua kaburi la mtoto wa miaka kama miwili na nusu hadi mitatu. Alikuwa amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Umri wa kaburi ni kama miaka 78,000. Habari zake zilichapishwa mwaka 2021, na watafiti walimpa jina la Kiswahili, wakamwita Mtoto. Watu waliomzika waliishi kwa kuwinda na kuokota, na walimzika kwa mikono yenye huruma. Wakulima, wafugaji, waashi wa miji ya mawe, wote wamekuja katika ukanda huu baada yao.

Sasa sikilizeni lugha. Karibu na mdomo wa Tana na upande wa Lamu wapo Wadahalo, watu mia chache tu. Lugha yao ni ya Kikushi, lakini baadhi ya maneno yake yana vidoko, ile sauti ya ulimi kung'oka kwenye kaakaa tunayoitumia kumhimiza punda. Vidoko vya namna hiyo, vikiwa ndani ya maneno, vinasikika Tanzania kwa Wahadza na Wasandawe, na kusini mwa Afrika. Wanaisimu wengi wanaona kwamba wazee wa Wadahalo walizungumza lugha nyingine kabisa, kisha wakahamia lugha ya majirani wenye mifugo, na yale maneno machache wakaja nayo. Kila Mdahalo anayezungumza lugha yake leo ana kumbukumbu hiyo kinywani.

Kiaweer nacho kina hadithi yake. Mwanaisimu Mjerumani Bernd Heine alikiweka katika kundi moja na Kisomali, na jamaa yake wa karibu ni lugha ya Wagarre. Wagarre ni wafugaji wa ngamia. Ilikuwaje wawindaji wa msituni wakazungumza lugha ya ukoo mmoja na watu wa ngamia? Wapo wanaosema Waaweer walikuwa wawindaji tangu zamani, wakachukua lugha ya wafugaji waliowatawala. Wapo wanaosema baadhi ya wazee wao walikuwa wafugaji waliopoteza mifugo, wakaingia msituni, na msitu ukawalea. Sitaamua mbele ya wazee hawa. Ninachowaomba mkione ni hiki: katika maelezo yote mawili, mfugaji na mwindaji wameishi pamoja muda mrefu kiasi cha kubadilishana ndimi. Ngazi haina maelezo kwa jambo hilo. Ingemtaka mwindaji apande tu, na mfugaji asishuke kamwe.

Biashara nayo ilikuwepo. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza kinachoeleza pwani hii kinataja pembe za ndovu na vipusa vikitoka huku. Pate, Siyu na Lamu zilitajirika kwa bidhaa hizo baadaye. Nani aliyeingia msituni na mshale wa sumu kumtafuta ndovu? Si mfanyabiashara wa Pate aliyevaa kanzu. Ni Aweer, ni Mwaata wa Tana na Galana na upinde wake mzito. Na mwindaji akiua, jino moja lilikwenda kwa bwana wake, Muorma enzi hizo, kama kodi ya ulinzi na ya kupita. Kasri la mwambao na kambi ya msituni vilikuwa ncha mbili za kamba moja. Kwa hiyo anayemwita mwindaji mtu aliyeachwa nyuma na dunia hajui kwamba dunia ilimfikia mapema kuliko wengi wetu.

Sasa niwape jambo nililoliona kwa macho. Miaka michache kabla ya operesheni za usalama kuufunga msitu, nilitembea na mzee mmoja wa Kiaweer pembezoni mwa kichaka. Alikuwa na shoka dogo, kibiriti na ndoo ya plastiki iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Akapiga mluzi mrefu, akanyamaza. Akapiga tena. Baada ya muda ndege mdogo wa rangi ya majivu, mlembe, akaja akakaa kwenye tawi mbele yetu, akilia kwa sauti ya haraka kama mtu anayetikisa kibiriti. Tukamsogelea, akaruka mbele, mkiani akionyesha manyoya meupe. Tukamfuata. Nilitaka kukimbia. Mzee akanishika mkono: "Mwalimu, huyu haongozi mtu mwenye haraka. Ukimpita anakuacha." Tulipofika kwenye mti wenye tundu, ndege akabadilisha sauti, akatulia. Mzee akawasha nyasi mbichi, akafukiza moshi, akapanua tundu kwa shoka, akatoa masega moja baada ya jingine. Kipande kimoja chenye nta na majana akakiweka juu ya jani bapa. Ndege akateremka.

Mtafiti Mkenya Hussein Adan Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walilipima jambo hili kaskazini mwa Kenya na kulichapisha mwaka 1989. Bila ndege, kupata mzinga mmoja kulichukua wastani wa karibu saa 9. Kwa msaada wa ndege, saa 3 na kidogo. Lakini hoja yangu iko hapa, enyi wanafunzi, andikeni: watu waliowafuata katika utafiti ule walikuwa Waborana. Wafugaji! Wana ng'ombe, wana mila kubwa ya maziwa na visima, na bado wanajua kumwita ndege wa asali kwa mluzi. Hawakuuacha ujuzi wa msituni walipopata ng'ombe. Waliubeba pamoja nao.

Nasi tuliomo humu je? Nani anayeokota utomvu wa migunga na manemane katika Wajir, Mandera na Garissa na kuuza kwa gunia? Ni familia za wafugaji. Mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020, ng'ombe wakafa barabarani, wangapi waliishi kwa vya porini, kuni na makaa? Mwanahistoria Neal Sobania aliandika mwaka 1988 kuhusu kaskazini mwa Kenya, kwamba mfugaji aliyefilisika alikimbilia kwa wavuvi na wawindaji, akakaa nao, akaoa kwao, na alipopata mbuzi wa kutosha akarudi malishoni. Kuwinda na kuokota kulikuwa akiba ya wote. Wawindaji walikuwa walinzi wa akiba hiyo, na malipo tuliyowapa yakawa dharau.

Safari ya upande mwingine ipo pia, na mfano wake ulio wazi zaidi uko Laikipia, katika msitu wa Mukogodo. Wayaaku waliishi mapangoni, wakiwinda na kurina. Mahari yao yalikuwa mizinga ya nyuki. Mwanaanthropolojia Lee Cronk alieleza kilichotokea miaka ya 1920 na 1930. Majirani wenye ng'ombe walianza kuoa mabinti wa Kiyaaku na kutoa ng'ombe. Baba akishazoea ng'ombe, mzinga hautoshi tena. Kijana wa Kiyaaku asiye na mifugo akakosa mke. Katika muda wa kizazi kimoja hivi jamii nzima ilitafuta mifugo, ikahama mapangoni, na ikahamia Kimaasai. Hakuna mtu aliyewahubiria maendeleo. Njaa haikuwafukuza. Harusi iliwabadilisha. Ninawasihi mlikumbuke hili kila mtu anapokuja na mradi wa kubadilisha jamii kwa semina: mabadiliko yalipita mlango wa mahari.

Hoja ya nne: kilichowabadilisha Waaweer katika miaka sitini hii si ujirani wala mahari. Ni amri.

Hali ya hatari ilipotangazwa katika eneo letu Desemba 1963, vita vya Shifta vikaanza, navyo vikaendelea hadi 1967. Wazee waliomo humu hawahitaji kusimuliwa. Waaweer walikutwa kati ya pande mbili, wakatolewa katika makazi yao ya msituni na kukusanywa vijijini kandokando ya barabara. Walioishi wametawanyika, wakihama kufuata maji, matunda na nyuki, wakawekwa mahali pamoja kama shule ya bweni. Wakaambiwa walime. Wakalima, na ndovu na nyani wakala mahindi.

Mwaka 1976 Hifadhi ya Taifa ya Boni ilitangazwa, kilomita za mraba 1,339, yote ndani ya Garissa. Mwaka huohuo Dodori ikatangazwa upande wa Lamu. Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini kote. Ndugu zangu, siji hapa kutetea ujangili. Ndovu waliuawa ovyo na watu wenye bunduki na magari, na sheria ilihitajika. Lakini itazameni sheria ile kwa jicho la mtu wa Bodhai. Mwenye kitalu cha kuwindia alipoteza biashara. Aweer alipoteza mlo wa jioni, jina la kazi yake, na kitu cha kumfundisha mwanawe. Asubuhi aliamka mwindaji, jioni akalala mhalifu, na hakuna aliyemwuliza.

Halafu likaja janga la usalama. Mashambulizi ya miaka ile yametuumiza sote. Mji huu uliwaaga watu 148, wengi wao vijana wa chuo kikuu, waliouawa tarehe 2 Aprili 2015. Septemba mwaka huohuo Operesheni Linda Boni ikaanza, na msitu ukawa uwanja wa vita. Wasioujua wakauogopa, wanaoujua wakazuiwa kuuingia. Asali haikurinwa. Dawa za mizizi hazikuchimbwa. Shule kadhaa za vijiji vya Waaweer zilifungwa, na watoto wakakaa nyumbani, hawana darasa la mwalimu wala darasa la babu. Kwangu mimi hilo ndilo dhara kubwa kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu ujuzi wa msitu haufundishwi kwa maneno. Unafundishwa kwa kutembea.

Hoja ya tano ni fupi. Wapo wema wanaotaka Waaweer wabaki walivyo, wavae ngozi na wapigwe picha. Hiyo nayo ni ngazi, ila imegeuzwa juu chini. Waaweer wengi leo ni Waislamu, wanafunga Ramadhani, wana simu, wapo walimu na askari wa akiba miongoni mwao. Asali yao inauzwa hapa mjini Soko Mugdi katika chupa za maji ya kunywa. Hawajaacha kuwa Aweer kwa hayo, kama vile mimi sikuacha kuwa mtu wa Tana kwa kuvaa miwani. Wanachodai ni wao wenyewe kuchagua kipi wachukue na kipi waache.

Sasa tutazame mbele, maana sheria imewapa Waaweer silaha ambayo bado haijashikwa vizuri.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 63, inataja kuwa ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi ya mababu na ardhi ambazo kwa desturi zilikaliwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Kifungu cha 260 kinazitambua jamii hizo miongoni mwa jamii zilizotengwa. Yaani yule mzee aliyetiwa alama ya mengineyo ametajwa katika sheria kuu ya nchi. Lakini Kifungu cha 62, kilicho jirani kabisa, kinasema hifadhi za wanyama ni ardhi ya umma. Msitu wa Boni umekaa juu ya mstari kati ya vifungu hivi viwili. Kukisoma kimoja na kukifumbia macho kingine ni kuvunja Katiba nusu.

Tunayo hukumu ya kutuongoza. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, jamii ya wawindaji, kwa kuwafukuza katika msitu wa Mau, na ikakataa kisingizio kwamba wao ndio waharibifu wa msitu. Juni 2022 mahakama hiyohiyo ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Tanzania ilikuwa imetangulia: mwaka 2011 Wahadza wa bonde la Yaeda walipata hati za kimila, na wakaendelea kuwinda juu ya ardhi iliyoandikwa majina yao.

Hapa kwetu ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa iko mikononi mwa serikali ya kaunti kama mdhamini. Mdhamini si mwenye mali. Waheshimiwa wa kaunti mliomo humu, nawaomba kwa heshima: barabara ya kuja Garissa kutoka bandari mpya ya Lamu inapandisha bei ya kila ekari inayoigusa, na ardhi isiyo na hati ndiyo huliwa kwanza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaitaka jamii iitishe mkutano, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, na ionyeshe mipaka yake. Chombo kipo. Usalama wa msitu nao utaimarika wanaoujua wakiwa upande wa serikali wakiwa na hati mkononi, kuliko wakiwa nje ya ua wakishukiwa.

Na ninyi wanafunzi, kazi yenu haiko Chicago. Wazee wa Hulugho na Bodhai wamekuja na orodha waliyoikusanya wenyewe: majina ya visima, ya miti mikubwa na ya makazi ya zamani kabla ya 1963, kwa Kiaweer. Wanahitaji vijana wanaojua kutumia vifaa vya kuchora ramani, na wawili watatu watakaokubali kujifunza lugha yao ili waandike majina hayo kwa usahihi. Wako tayari kuwafundisha. Watakuwa mezani pale mlangoni hadi sala ya Alasiri. Nendeni mkaandike majina yenu.